Mimi, Shemeji Yenu na Enfield: Safari ya Bagamoyo

Wanaume wenzangu, nisikilizeni kwanza, mtanicheka baadaye.

Mwaka jana nilinunua pikipiki. Sio ya biashara, tafadhali, maana kila nikisema neno pikipiki mtu ananiuliza hesabu kwa siku ni shilingi ngapi. Ni Royal Enfield Classic 350 ya mwaka 2022, nyeusi, nimeuziwa na injinia mmoja wa Kihindi ambaye mkataba wake hapa Dar ulikuwa umeisha na alikuwa anarudi kwao. Nikafika nayo nyumbani, shemeji yenu akatoka hadi kibarazani, akaizunguka mara mbili, akauliza bei. Nikamwambia milioni 4.

Hiyo milioni 4 ishikeni hapo hapo, tutairudia.

Ukiiona kwa mbali utaapa ni ya enzi za Mwalimu. Tangi la mafuta la duara kama tone la maji, taa kubwa moja ya mviringo na vijitaa viwili vidogo pembeni yake, rimu za spoku, kiti cha dereva kimejitenga na cha abiria. Kampuni yenyewe kweli ni kongwe. Ilianzia Redditch, Uingereza, na pikipiki yake ya kwanza ilitoka mwaka 1901. Mwaka 1955 wakaanza kuziunganisha Madras, mji ambao leo unaitwa Chennai. Waingereza wenyewe mambo yakawashinda, mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwao kukawa kumefungwa, lakini Wahindi hawakuacha. Mpaka kesho wanazitengeneza, na kwa wingi, ndiyo maana mtu wa mshahara kama mimi anaweza kuota kuwa nayo. Nenda kaulizie Triumph Bonneville uone kama hutauza kochi.

Ila huo uzee ni wa nguo tu. Ndani ni kijana. Injini ni moja tu, cc 349, haina kabureta wala habari ya kuvuta choki asubuhi, unabonyeza starta inaitika. Breki ni za diski mbele na nyuma, zenye ABS. Nguvu yake farasi 20 na ushee, uzito kilo 195. Piga hesabu mwenyewe: hiki sio chombo cha mashindano. Kwenye 70 au 80 inatulia, inaguruma taratibu, dug, dug, dug, kama mtu mzima anayetembea baada ya kushiba. Ukiilazimisha zaidi inakwenda, lakini unaona kabisa haikupenda. Kwa mafuta haina shida, kwangu mimi lita moja inanipeleka zaidi ya kilomita 30. Tabu ipo kwenye spea. Fundi wangu wa mtaani aliifungua mara moja, akaifunga, akaniambia, "Bosi, hii tuiheshimu tu." Siku hizi kila kifaa nakisubiri kwa mtu anayekwenda India.

Shemeji yenu aligoma kuipanda miezi miwili. Ana sababu. Binamu yake alivunjika mguu kwenye bodaboda na mpaka leo anatembea kwa kuchechemea. Mimi nikanunua helmeti mbili nzuri, zile zinazofunika kidevu, nikaziweka sebuleni pale pa kuonekana, nikanyamaza. Ijumaa moja akasema mwenyewe, "Kesho twende Bagamoyo. Ukizidi themanini nashuka, na nitashuka ikiwa inatembea."

Tukatoka saa 12 asubuhi ili kuikwepa foleni ya Mwenge. Kutoka pale hadi Bagamoyo ni kama kilomita 60 hivi, na kwa gari huwa ni safari ya kusinzia. Kwa pikipiki ni kitu kingine. Unapita Lugalo unasikia ubaridi wa miti. Tegeta unanusa chapati kabla hujaziona. Boko, Bunju, halafu majengo yanaanza kuachana na upepo unabadilika harufu. Shemeji yenu alianza safari akiwa amenishika koti kwa vidole viwili kama anashika nguo chafu. Kufika Bunju mikono yote ilikuwa kiunoni. Sikusema kitu, jamani. Mambo mengine ukiyasema yanakimbia.

Bunju tukasimama kunywa chai. Vijana wa bodaboda wakatuzunguka, wanagusa tangi, wanachungulia injini. Mmoja akauliza, "Kaka, hii antiki ya mwaka gani?" Nikajibu bila kufikiri, "1958. Ya marehemu babu." Wakashangilia! Wakaanza kupiga picha na simu zao. Nilijisikia kama nimerithi kitu kweli.

Tulipoondoka akaniinamia sikioni. "Unadanganya vizuri, Baba Junior. Hata kope hazikupepesa."

Kilomita kadhaa mbele, Mapinga, mbuzi wakatokea. Hawakuvuka, walitokea, kama mbuzi wanavyojua wenyewe, watatu kwa mpigo. Nikakamata breki zote mbili. Nikasikia leva inatetemeka mkononi, tairi hazikujifunga, pikipiki ikasimama imenyooka kama tumepanga. Mbuzi wa mwisho akatuangalia, akaendelea na safari yake. Helmeti ya nyuma ilikuwa imegonga yangu, ko! Nikamuuliza, "Upo?" Akasema, "Nipo. Twende." Lakini sauti ilikuwa ndogo, na mimi mwenyewe miguu ilikuwa haipo. Kama ingekuwa kweli ni ya 1958, na breki za 1958, hadithi hii angewaandikia mtu mwingine.

Bagamoyo wengi mnaijua kwa semina na harusi za ufukweni. Safari hii jaribuni kuingia mji wa zamani taratibu, vile vichochoro vya nyumba za mawe na milango ya kuchongwa, mpaka muione bahari. Hapa ndipo misafara ilipoishia, watu wamebeba pembe za ndovu mabegani kwa miguu kutoka Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000. Wamisionari wa Kikatoliki walijenga hapa mwaka 1868, na Februari 1874 mwili wa Livingstone ulifikishwa kwao, Susi na Chuma na wenzao wakiwa wameuleta toka ndani kabisa ya bara. Sisi na kilomita zetu 60 tulikuwa tunalalamika kiti kigumu. Na cha abiria ni kigumu kweli, hilo shemeji yenu ameniagiza niliandike.

Karibu na soko la samaki alikuwepo mzee mmoja kwenye benchi, kanzu na baraghashia. Tukamwamkia. "Marahaba wanangu." Akanyanyuka, akaja polepole, akaweka kiganja chote juu ya tangi na kukiacha pale. Akasema alipokuwa mdogo kulikuwa na padre akija na pikipiki ya sura hii hii, na wao watoto walikuwa wanakimbia nyuma yake mpaka misheni. Halafu akaniuliza, "Hii ya mwaka gani, mwanangu?"

Shemeji yenu alikuwa anavua helmeti. Akaishia katikati, ananitazama.

"Ya 2022, mzee," nikasema. "Imetengenezwa kizee tu."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe! Basi imevaa kanzu ya babu yake." Akaipigapiga tangi, akarudi kwenye benchi lake, wala hakuonekana kupungukiwa na kitu.

Tukaagiza samaki. Kabla hawajaja nikamwambia: sio milioni 4. Ni 7 na nusu. Na hiyo 3 na nusu ya juu nimeitoa kwenye akaunti ya kiwanja.

Kiwanja chetu kipo Kerege, tunakilipa kwa awamu, mweka hazina ni mimi. Hakunipigia kelele. Ningeomba anipigie kelele. Samaki walipokuja alikula, tena akamaliza, akanawa. "Kurudi tunapita Kerege," akasema. "Utasimama."

Nikasimama. Akaenda hadi kwenye bikoni ya kona, akageuka, akaanza kuhesabu hatua kwenye nyasi huku midomo inatembea. Akafika kwenye mwembe, akasimama hapo, mkono kiunoni. Kutoka bikoni hadi mwembe tulishakubaliana patakuwa jiko na chumba cha mama yangu akija kutoka Songea.

"Kwa bei tuliyouziwa," akaniita kwa sauti kutoka kule, "milioni tatu na nusu inaanzia hapo ulipo inaishia hapa. Umeipaki juu yake."

Nikaangalia chini. Kweli, ilikuwa imesimama pale pale, stendi imezama kidogo kwenye mchanga, krome inawaka jua la saa 9.

Makubaliano yaliandikwa hapo hapo kwenye simu yake. Laki 3 na nusu kila mwezi, miezi 10, kutoka mshahara wangu na sio wa nyumba. Kadi ya pikipiki inakaa kabatini kwake. Mweka hazina amebadilika. Leo ninapoandika nimelipa mara 6, na spea ya mwisho niliyoagiza ilibidi niombe kibali.

Akachukua helmeti, akaifunga mwenyewe, akapanda, akanishika kiuno kwa mikono yote miwili.

"Themanini," akasema. "Isizidi."