Paipu mbili ukutani: jinsi tanuri la gesi linavyopumua

Wasomaji, leo tuweke Java na PHP kando kidogo. Novemba 2023 nilikuwa kwa kaka yangu Minneapolis, Marekani, nikapewa kazi ya mikono: kumsaidia fundi kupitisha paipu za tanuri jipya la kupasha nyumba joto.

Tanuri za zamani hutoa moshi wa moto sana kupitia bomba la chuma hadi paani. Hizi mpya hufyonza zaidi ya asilimia 90 ya joto la gesi, hadi mvuke ulio kwenye moshi unageuka maji. Moshi ukishapoa hivyo, paipu ya plastiki inatosha. Moja huvuta hewa safi kutoka nje, nyingine hutoa moshi.

Rahisi, sivyo? Ngoja. Paipu ya moshi lazima iinamie tanuri, robo inchi kwa kila futi, ili maji yarudi na kutolewa kwa mfereji wake. Yakituama, yataganda na kuziba njia. Midomo ya paipu lazima ikae angalau futi moja juu ya kimo cha theluji inayotarajiwa. Na kila kona huzuia hewa, kwa hiyo kona huhesabiwa pamoja na urefu.

Hapo ubishi ukaanza. Njia fupi kabisa ilitokea chini ya dirisha la chumba cha watoto. Kaka aliipenda: kona mbili tu! Fundi akakataa katakata. Gesi isipoungua vizuri, moshi hubeba kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na huua mtu usingizini. Tukazungusha hadi ukuta wa nyuma: kona nne, nusu siku zaidi.

Kilichonifurahisha mimi mwandishi wa programu ni swichi ndogo inayopima msukumo wa hewa. Feni huanza kwanza. Swichi isipohisi hewa ikipita, gesi haifunguliwi, na taa humulika kuonyesha hitilafu. Yaani mfumo ukiwa na shaka, hauwaki. Laiti programu zetu zingeandikwa hivyo!

Lakini swichi haijui dirisha liko wapi. Hilo alilijua fundi.

Nasi huku nyumbani, tunaofunga hita ya gesi bafuni au kulala na jiko la makaa chumbani, tuulize kwanza: moshi unatokea wapi?