Udi, godoro na jogoo wa jirani

Umewahi kuishi na mtu aliyenuna lakini hasemi kama amenuna? Mimi nimeishi naye mwaka mzima, hapa hapa Sumbawanga, na nampenda.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama yangu alipoanza kuugua niliamua kurudi nyumbani Ufipa, uhariri wangu nikaufanyia huku huku kwa kompyuta na bando. Mume wangu, mtoto wa Unguja, akanifuata na sanduku moja la nguo na udi wake. Nasema udi wa taarab, wenye tumbo kama boga lililopasuliwa katikati, si udi wa kufukiza. Majirani walidhani ni ule wa kufukiza, wakasema mkwe wetu anapenda kunukia!

Udi ukapanda juu ya kabati, ukakaa. "Baridi ya kwenu imeukausha," alikuwa akisema. Hapo hakudanganya. Mji wetu uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa kiangazi hapa unapasua midomo, sembuse mbao zilizozoea unyevu wa pwani. Lakini nilijua si baridi peke yake.

Siku moja simu ikatoka Unguja. Baba mkwe, ambaye ndiye aliyemfundisha mwanawe kupiga, hatoki tena kitandani. Aliomba kitu kimoja tu: asikie udi.

Mimi na digrii yangu ya mawasiliano nikaona ni kazi ya dakika tano. Weka simu mezani, rekodi, tuma. Wee! Kilichotoka ni kama mtu anagonga debe ndani ya pipa. Mzee akajibu kwa upole, "Nimesikia mwanangu, Mungu akubariki." Mume wangu akazima simu. "Hajasikia kitu," akasema. "Angesikia, angenikosoa." Udi ukarudi kabatini.

Usiku ule sikulala. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay ili sauti zao ziingie kwenye santuri. Sisi tunashindwa kuvuka sebule?

Kumbe tatizo lilikuwa sebule yenyewe. Sakafu ya saruji, kuta tupu, dari hakuna: sauti inagonga na kurudi kabla hujaisikia vizuri. Tukahamia chumbani kwenye kitanda, nguo na mapazia. Tukasimamisha godoro la wageni ukutani na kutundika mablanketi kila upande. Tukazidisha, udi ukasikika kama umezikwa. Tukaondoa mablanketi, godoro likabaki, udi ukaanza kupumua.

Binamu yangu anayepiga video za harusi akatuazima kirekodi kidogo. Tulipokielekeza kwenye tundu la udi, besi ilivuma kama lori. Tulipokisogeza mbali tukasikia chumba kuliko udi. Mwisho kikakaa kama nusu mita mbele yake, usawa wa kifua, kikitazama pale shingo inapokutana na tumbo. Chini yake nikaweka kanga iliyokunjwa ili mtetemo wa stuli usiingie. Kipimo cha sauti tukakishusha hadi pigo lake kali kabisa libaki desibeli 12 chini ya kikomo, maana sauti ikishapasuka haishoneki.

Halafu kelele. Mvua kwenye bati, usijaribu kabisa. Friji tukalizima. Tukachagua saa kumi na moja alfajiri, kabla bodaboda hazijaamka.

Nilivaa spika za masikioni. Nikasikia pumzi yake, vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Kisha akaacha kupiga, akasema polepole, kana kwamba anaongea na kirekodi, "Huku sina mtu wa kupiga naye."

Yaani mwaka mzima tunalala kitanda kimoja, nikaja kuyasikia hayo kwa waya.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na mama. Ningeanzia wapi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina zuri. Tulikubaliana jambo moja: kila baada ya miezi mitatu anakwenda Unguja kwa wiki mbili, mimi nabaki na mama. Bajeti inauma, lakini tutaona. Kisha akavuta pumzi, akapiga dakika saba bila kusimama. Dakika ya tano jogoo wa jirani akawika. Nilitaka kulikata lile jogoo, mume wangu akakataa, "Liache, ndiko tunakoishi."

Nikalituma faili WhatsApp kama dokumenti ili sauti isibanwe. Jioni mzee akapiga mwenyewe.

"Huyo jogoo nani kamwalika?" akauliza. "Na mwambie mumeo uzi wa juu umelegea. Arudie."

Mume wangu akauchukua udi palepale, akagusa uzi, akatega sikio.

"Kweli bwana," akasema, akaanza kuukaza.