Barua za Jumatatu

Mimi ni karani wa parokia moja iliyo ufukoni mwa Ziwa Victoria. Nilisomea ualimu chuoni, nikafundisha miaka michache, kisha Baba Paroko akaniomba nije nishike vitabu: cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa na cha wafu. Katika kitabu cha ubatizo limo jina la mtoto wa dada yangu mkubwa. Liliandikwa na karani aliyenitangulia. Siku ile mvua ilinyesha sana, nami nilikuwa bado mwanafunzi, nikamshikia dada mwavuli mpaka mlangoni pa kanisa.

Mtoto huyo sasa ana miaka 21, naye ni mmisionari wa Wamormoni huko Jinja, Uganda.

Alikuwa amekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akapanga chumba pamoja na kijana wa dini hiyo. Baadaye akabatizwa kwao, na mwaka wa pili akaomba kutumwa. Dada alipopata habari alilia siku mbili, kisha akanyamaza, na kimya chake kilinitisha kuliko kilio. Siku moja alikuja ofisini akasema, "Mfute kitabuni." Nikamweleza kuwa kitabu cha ubatizo hakifutwi. Pembeni huongezwa kipaimara, ndoa au upadre, lakini jina halitoki, kwa sababu alama ya ubatizo wenyewe haitoki rohoni. Akatazama kitabu, akaenda zake bila kuaga.

Mimi nilikuwa na langu la kunichoma. Kabla hajasafiri, kijana aliniuliza maswali juu ya Utatu Mtakatifu. Nilikuwa nikihesabu zaka za vigango, nikamjibu, "Soma katekisimu, utaelewa baadaye." Huko alikokwenda alikuta watu walioketi wakamjibu, tena jioni nyingi.

Basi, kila Jumatatu barua yake huingia katika simu yangu, maana simu ya dada ni ile ndogo ya kupiga tu. Huanza, "Mama mpendwa na Mjomba." Miezi mitatu nilizisoma peke yangu. Jioni moja nilimkuta dada uani akichambua dagaa, nikaketi kwenye kinu, nikaanza kusoma kwa sauti bila kumwomba ruhusa. Hakunizuia. Nitawasimulia juma lile lililokuwa katika barua ile.

Kwanza mjue ni watu gani. Kanisa lao lilianzishwa na Joseph Smith mwaka 1830 katika jimbo la New York, Marekani. Alisema alipata maandiko mapya kutoka katika mabamba ya dhahabu, na hicho ndicho Kitabu cha Mormoni. Aliuawa na kundi la watu mwaka 1844, na miaka mitatu baadaye Brigham Young akawaongoza wengi wao mpaka bonde la Utah, ulipo mji wao wa Salt Lake City. Tangu 2018 viongozi wao wanaomba wasiitwe Wamormoni bali Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Sikatai kumwita mtu kwa jina lake, ila hapa kijijini jina fupi ndilo linalojulikana. Vijana wao wa kiume huweza kutumwa tangu miaka 18, hutumika miaka miwili. Wasichana miezi 18. Hawachagui mahali. Hawalipwi mshahara, bali wao na jamaa zao ndio huchangia gharama. Kwa Wamarekani mchango ulikuwa dola 400 kwa mwezi, ukapandishwa kuwa 500 mwaka 2020. Asiyeweza hutoa kadiri yake, na wengine humsaidia.

Jumatatu ni siku yao ya kujitayarisha. Wanafua, wananunua vyakula, wananyoa nywele, wanaandika kwao. Mpwa wangu alifua mashati meupe matano, maana kila siku ni shati jeupe na tai, na kibao cheusi kifuani chenye jina. Juu ya jina wameandika neno la Kiingereza lenye maana ya Mzee. Dada aliposikia kwamba mwanawe anaitwa Mzee aliacha dagaa kidogo. "Mzee wa nani?" akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Siku nyingine huamka saa 12 na nusu asubuhi, hufanya mazoezi ya mwili, husali, husoma maandiko peke yao kisha wawili wawili. Saa 4 na nusu usiku taa huzimwa. Hakuna mmisionari anayetembea peke yake: kila mmoja ana mwenzake, nao hawaachani hata sokoni. Mwenzake ni kijana wa Idaho, Marekani, ambaye hajawahi kula dagaa, na ambaye usiku alilia kwa kumkumbuka mbwa wake. Hapo dada alicheka, kisha akakasirika kwamba amecheka.

Jumanne walizunguka mchana kutwa katika vumbi, wakafungiwa milango mingi. Jumatano bibi mmoja aliwakaribisha, akawamiminia chai. Wao hawanywi chai wala kahawa, wala pombe, wala tumbaku hawavuti. Hukumu hiyo wanaitoa katika mafundisho ya Joseph Smith ya mwaka 1833. Kijana wa Idaho akasema hapana, asante, na bibi akanuna. Ndipo mpwa wangu akapiga goti, akamwomba msamaha kama mama yake alivyomfundisha, akasema, "Bibi, tumbo langu linaomba uji." Wakapewa uji. Kisha wakashika majembe, wakampalilia migomba mpaka jua likatua.

"Goti hilo nililifundisha mimi," dada akasema.

Alhamisi ilikuwa ngumu. Katekista mzee, Mkatoliki, aliwauliza kama ni kweli kwamba kanisa lao liliwanyima watu weusi upadre wao mpaka mwaka 1978. Mwenzake alitazama chini. Mpwa wangu alijibu kwamba ni kweli, na kwamba hawezi kueleza kwa nini. Aliniandikia, "Mjomba, sikulala vizuri." Nilimpenda kwa jibu lile, maana angeweza kumdanganya mzee wa watu.

Ijumaa hakuna la kusimulia isipokuwa mvua. Jumamosi walibatiza mtu mmoja kwa kumzamisha mzima majini. Na hapa, kwa kuwa ni kazi yangu, niseme: mwaka 2001 Roma ilijibu kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali kwetu. Wanataja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, lakini hawaamini Mungu mmoja katika Nafsi tatu. Kwao hao ni watatu mbalimbali, na Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Mmormoni akija kwetu hubatizwa. Lakini mpwa wangu akirudi leo hatabatizwa tena, kwa maana wa kwanza ungalipo.

Jumapili walisali saa mbili nzima. Kabla ya 2019 zilikuwa tatu. Wanapokea mkate na maji, si divai. Askofu wao, ambaye kwao ni mkuu wa kundi moja kama kigango chetu, siku za kazi ni mwalimu wa hesabu.

Mwisho wa barua aliandika kwamba wamisionari hawaruhusiwi kuogelea. Naye amezaliwa ufukoni! Jinja ndipo mto Nile unapotoka katika ziwa letu, akasema kila jioni hupita karibu na maji, huyatazama, hufikiri ni maji yaleyale yanayopiga mawe ya kwetu.

Dada alikaa kimya mpaka giza likaingia. Akauliza, "Wanaruhusiwa kupiga simu?" Nikamwambia ndiyo, tangu 2019 huruhusiwa kuzungumza na wazazi kila juma, siku ileile ya Jumatatu. Zamani ilikuwa mara mbili tu kwa mwaka. Yeye hajapiga kwa sababu alisikia mama hataki.

Jumatatu iliyofuata alifika ofisini amevaa kitenge cha Misa. Simu ilipolia aliishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Unakula?"

"Ninakula, Mama."

"Mimi sijakubali jambo hilo. Sikia vizuri, sijakubali. Rozari ninasali kwa ajili yako kila siku."

"Najua, Mama. Sala, Mama."

"Na huyo mtoto wa Idaho, mwambie mbwa wake hajafa."

Wakaongea nusu saa, zaidi juu ya bei ya dagaa na mguu wa babu. Mimi nilijifanya kupanga vyeti vya ndoa. Alipomaliza alinirudishia simu, akaniuliza kama naweza kumwandikia kijana jibu la lile swali lake la Utatu. Nimeliandika mara mbili, nikalichana. Nimemwomba Baba Paroko aketi nami Alhamisi tuliandike pamoja.