Picha za arobaini na mkanda uliotoka mtupu

Kijana mmoja wa Fumba, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alimuuliza babake swali lililomkaa kooni kwa miaka: "Baba, mbona dada ana albamu nzima ya utoto wake, na mie sina hata picha moja?"

Baba hakujibu siku ile. Alijibu baada ya siku mbili, mkononi ana bahasha ya kaki aliyoitoa chini ya sanduku la nguo.

Kijana alizaliwa Januari 2010. Wazazi wa Unguja wanaukumbuka wakati ule. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikosa umeme wa kutoka Tanzania Bara. Waya wa umeme huo hupita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni na kutua Ras Fumba, lakini watu wa Fumba nao walilala kwa kandili kama wengine.

Baba alikuwa na kamera ya filamu. Mjini akanunua mkanda wa rangi wa bei nafuu, ASA 100. Bibi akaweka sharti: mtoto hajatimiza arobaini, asimulikwe na flashi machoni. Basi baba akapiga picha zote 36 kwa mwanga wa kandili, kwa kasi ileile aliyozoea kupigia barazani mchana. Mkanda uliposafishwa ukatoka mtupu, rangi ya machungwa mwanzo hadi mwisho. Akaona haya, akauficha. Mtoto akakua akidhani hakuna aliyejali kumpiga picha.

Kosa lilikuwa kwenye namba. ASA, ambayo sasa huitwa ISO, huonyesha filamu inahitaji mwanga kiasi gani. Kila namba ikiongezeka maradufu, mwanga unaohitajika hupungua nusu. Filamu ya 800 hutosheka na sehemu moja ya nane ya mwanga unaotakiwa na filamu ya 100. Ubaya wake ni bei kubwa na punje zinazoonekana kwenye picha. Jua la mchana la Fumba haliihitaji. Pale 100 au 200 inatosha. Kwa baraza wakati wa alasiri, 400 ni nzuri. Ndani ya nyumba usiku bila flashi, 800 ndiyo mahali pake.

Mwaka huu dada yake kijana alijifungua, na bibi akapata kitukuu. Macho ya bibi sasa yana mtoto wa jicho, na flashi humuumiza. Kijana akasema safari hii atapiga yeye, kwa kamera ileile ya baba. Shangazi anayeishi London akaletewa ujumbe, akaja na mkanda mmoja wa Kodak Portra 800. Uwanja wa ndege aliomba ukaguliwe kwa mkono, kwa sababu mashine za kukagulia mizigo huweza kuiharibu filamu ya kasi kubwa. Nyumbani ukawekwa kwenye friji kwa ajili ya joto, ukatolewa saa kadhaa kabla ya kufunguliwa ili usiingie unyevu.

Baba alifundisha mambo manne tu. Namba ya kamera iwekwe 800 kabla ya picha ya kwanza. Lenzi ifunguliwe karibu yote, na kasi isishuke chini ya sehemu ya 60 ya sekunde. Ikibidi kushuka hadi 30, viwiko viegemezwe ukutani. Mwanga upimwe shavuni kwa bibi, si kwenye balbu, maana balbu huidanganya kamera na uso ukatoka mweusi. Na penye shaka, mwanga uzidishwe kidogo: filamu ya negativu husamehe mwanga uliozidi, haisamehi uliopungua.

Jioni ile chumbani palikuwa na balbu moja. Bibi alikaa mkekani, kitukuu kifuani. "Haya, mume wangu, piga," akamwambia mjukuu wake. Baba alisimama mlangoni. Mara mbili alifungua mdomo kuelekeza, mara mbili akaufunga.

Shangazi alirudi na mkanda London kuusafishisha. Wiki tatu baadaye picha zikafika kwenye simu. Nyingine zilitikisika, lakini 25 zilikuwa safi, na balbu imezipaka rangi ya dhahabu.

Ndipo kijana akaifungua tena ile bahasha ya kaki, akauinua mkanda wa zamani dirishani. Katika picha ya 17 kulikuwa na nukta ndogo nyeusi. Kwenye negativu, penye mwanga huwa peusi. Ulikuwa ni moto wa kandili, na pembeni yake ndipo alipokuwa amelazwa yeye.

"Ulipiga zote 36?" aliuliza.

"Zote," baba alisema. "Nilipaswa kukwambia zamani."

Mkanda ule sasa umo kwenye albamu, ukurasa mmoja na picha ya bibi na kitukuu. Mzazi mwenye mkanda kama huo sandukuni asingoje kuulizwa. Mtoto hawezi kujua alichotafutiwa kikakosekana.

Bibi alisogezewa simu karibu na jicho lake zima. Akaitazama picha kwa muda.

"Mtu wa Fumba," akasema, "na macho sikufumba."