Na, Kisha Nukta

"Alikamatwa na mgambo na ng'ombe 40 na mtoto wake."

Sentensi hiyo ina "na" tatu, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza inamtaja mtenda: mgambo ndio waliokamata. Ya pili inataja alichokuwa nacho: ng'ombe 40. Ya tatu inamtaja aliyekuwa naye: mtoto. Mtu aliyekulia Kiswahili ataisoma bila kusita, kwa sababu anajua ng'ombe hawakamati watu. Lakini tukiondoa ng'ombe na mgambo, tukabaki na "Mfugaji alikamatwa na mkulima", hata mwenye lugha ataduwaa. Mkulima alimkamata mfugaji, au walikamatwa pamoja?

Swali hilo hunijia kila siku kwa sababu sehemu kubwa ya shahada yangu ya uzamili ni kutafsiri mazungumzo kutoka vijiji vya Wilaya ya Kilosa kwenda Kiingereza. Kiingereza kina "and" ya kuunganisha, "with" ya kuambatana, "by" ya mtenda na "have" ya kumiliki. Kiswahili hufanya kazi zote hizo kwa "na" moja. Anayetafsiri hawezi kuiacha "na" ielee. Lazima achague, na akichagua "by" badala ya "and", ameshamtia mtu hatiani.

Kilosa si mahali pa kuchagua kwa kubahatisha. Ukitoka Mikumi kwa barabara ya vumbi kuelekea mjini Kilosa, unapita kijiji kinachoitwa Ulaya, na abiria hawakosi mzaha kuhusu viza. Upande mmoja wa safari hiyo umeacha Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, inayokatwa na barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Mbele yako kuna mashamba makubwa ya mkonge, mengine yamelimwa na mengine yamegeuka pori huku hati zake zikiwa bado na wenyewe. Uwanda wa Mkata, wenye majani ambayo mfugaji yeyote angeyatamani, una sehemu iliyo ndani ya hifadhi na sehemu iliyo nje. Katika nafasi inayobaki ndipo watu hulima na kuchunga.

Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa. Walikuwa wakulima, na waliuawa na wafugaji. Katika sentensi hiyo "na" haina utata wowote, nami sitaki iwe nao. Nimewahi kusikia watu wakisema kwa kutaka amani kwamba siku ile watu "waliuana". Naielewa nia yao. Lakini kiambishi "-ana" hugawa tendo kwa wote waliotajwa, na waliokufa siku ile hawakugawana chochote na waliowaua. Wanastahili "na" ya mtenda.

Ninayoitilia shaka ni "na" nyingine, ile ya kwenye vichwa vya habari: "mgogoro wa wakulima na wafugaji". Hii ni ya kuunganisha, na inaonekana haina ubaya. Ila tazama tunavyoorodhesha vitu: chumvi, sukari, mafuta na sabuni. Koma, koma, kisha "na" kabla ya kitu cha mwisho. Msomaji akiiona anajua orodha imekwisha, hakuna mwingine wa kumsubiri. "Wakulima na wafugaji", kisha nukta. Mkonge hautajwi, wala hifadhi, wala ofisa aliyepokea bahasha ili ng'ombe wapite.

Mwaka 2009 watafiti Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah walichapisha makala kuhusu mauaji yale ya Kilosa. Hawakuishia kwenye uhaba wa ardhi. Walitazama sera za miaka mingi zilizowasukuma wafugaji pembeni, na rushwa iliyowafanya watu wa pande zote mbili wasiiamini mamlaka na kuamua kujitafutia haki wenyewe. Kwa maneno mengine, waliirefusha orodha.

Halafu kuna "na" ya kumiliki, ambayo naipenda kuliko zote. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha kawaida chenye kazi ya "have". Tunasema mtu "ana" shamba, yaani yuko na shamba, kama anavyokuwa na mgeni au na homa. Sheria yetu ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, inakaribia sana sarufi hii: ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na raia anapata haki ya kuitumia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huohuo, inakipa kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake na kupanga matumizi. Kisheria basi, hakuna hata mmoja wetu mwenye ardhi kwa maana ya kuwa yake moja kwa moja. Tupo nayo tu. Lakini kuna anayekuwa nayo kwa hati ya miaka 99, na kuna anayekuwa nayo mpaka ng'ombe wapite usiku, au mpaka operesheni ya kuondoa mifugo ifike.

Kwenye dodoso tulilopewa kulikuwa na swali la kufungua: wewe ni mkulima au mfugaji? Mzee mmoja karibu na Mikumi, baada ya kuitikia shikamoo yangu na kunivutia kigoda, alilisikiliza hadi mwisho.

"Nina ekari mbili za mahindi, mwanangu, na mbuzi saba," akasema. "Hawa mbuzi ndio waliomsomesha dada yako anayekuletea maji. Sasa wewe andika unavyotaka."

Dodoso lilikuwa na visanduku viwili, na katikati yake neno "au". Niliandika jibu lake lote pembeni, kwa mkono. Kufikia mwisho wa wiki pembeni mwa karatasi zetu pamejaa. Wapo wenye ng'ombe wanaolima mahindi ya kula. Wapo wakulima wanaokaribisha mifugo shambani baada ya mavuno, ile mabua, iache samadi. Siku ya mnada wote hukutana, huyu akiuza gunia, yule akiuza ndama, na hakuna anayeuliza mwenzake yuko kwenye kisanduku gani.

Sasa, kila "na" ya mtenda au ya kuambatana yenye utata katika rekodi zangu ina namba, na kila namba ina simu niliyopiga kijijini kuuliza: alikamatwa pamoja naye, au alikamatwa na yeye? Wengine hucheka. Mama mmoja hakucheka. Alinyamaza kidogo, akaniambia: "Andika kwamba walikamatwa wote. Wote wawili, na aliyewakamata ni mwingine."