Gari Lililo Juu ya Mawe

Kijana anayenunua chuma chakavu alilizunguka gari la marehemu baba mara mbili, akaligonga bodi kwa kifundo cha kidole, kisha akanitajia bei yake kwa kilo. Nilimweleza kwamba hii ni Peugeot 504, aina iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Akanitazama kwa heshima zote, akasema, "Mzee, chuma ni chuma." Nilimwambia aende, nitamwita. Sikumwita. Hata hivyo maneno yake yalinisumbua wiki nzima, kwa kuwa sikuwa na jibu.

Baba alikuwa mtumishi wa serikali. Alilinunua gari hilo mwaka 1981, likiwa limeshatumika, kwa mkopo uliokatwa kwenye mshahara wake kwa miaka. Ulikuwa wakati mgumu: nchi imetoka vitani, mafuta yamepanda bei, sabuni inatafutwa kwa foleni, na Jumapili alasiri magari binafsi yamepigwa marufuku barabarani. Basi Jumapili baba aliliosha. Siku nyingine lilibeba wajawazito usiku wa manane, lilibeba wafiwa, lilibeba magunia ya mahindi ya watu ambao hawakuwahi kuulizwa nauli. Kwenye kadi lilikuwa la baba. Mtaani kwetu Morogoro lilikuwa la wote.

Lilisimama mwaka 2006. Baba alipofariki miaka mitatu baadaye, tuliling'oa matairi, tukaliweka juu ya mawe chini ya mwembe, tukaapa kwamba tutalifufua. Kila likizo mdogo wangu alikuja na fundi mpya, na kila fundi aliondoka na kitu cha "kwenda kukipima": leo kabureta, kesho starta. Gari likawa linaliwa mbele ya macho yetu, nasi tukiendelea kusema haliuzwi kwa sababu ni kumbukumbu.

Kitu kisichotembea nacho kina gharama. Kwa zaidi ya miaka 10 gari hilo liliendelea kuhesabiwa ada ya mwaka ya leseni, ingawa halikuigusa barabara. Mwaka 2017 Serikali iliifuta ada hiyo, na badala yake ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Sisi wanawe tulishangilia. Mama, aliyekuwa akiwasha koroboi kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, aliuliza, "Kwa hiyo sasa barabara nailipia mimi?" Nimekaa darasani miaka mingi, maswali ya namna hiyo kuhusu kodi nimeyasikia mara chache.

Nilipoamua kuliuza, niligundua kwamba kikwazo kikubwa hakikuwa kutu. Kadi ilikuwa kwa jina la baba, nasi hatukuwahi kufungua mirathi. Tuliona aibu. Kwetu, anayetaja mirathi mapema huonekana ana haraka na mali, na asiyeitaja kabisa husifiwa kwa upendo. Ilibidi kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe, na mahakama ya mwanzo imteue msimamizi. Katika kikao hicho mdogo wangu alisema kwamba ninauza jasho la baba. Nilinyamaza, kwa maana hata mimi nilikuwa nikijishuku hivyo. Mama ndiye aliyejibu: "Jasho la baba yenu liliwasomesha ninyi, wanangu. Hiki ni chuma alichowaachia, na mmeshindwa kukitunza."

Tangu siku ile, kila ninapoingia katika ofisi ya umma hutazama nyuma ya jengo. Mara nyingi nayaona: Land Cruiser ya mradi uliokwisha, gari la wagonjwa lisilo na magurudumu, trekta lililoota majani. Yangeuzwa yakiwa bado na injini, yangerudisha kitu katika mfuko wa umma. Lakini saini ya kuondosha mali ya umma inaogopwa kuliko uozo wenyewe. Anayeuza huitwa kujieleza. Anayeacha ioze haulizwi neno. Mnada unapoitishwa hatimaye, kinachouzwa ni bodi tupu, vipuri vilishaondoka kimoja kimoja. Na hali hiyo tunaiita kulinda mali ya umma, kama sisi tulivyouita uzembe wetu kumbukumbu.

Gari nilimuuzia fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, anayefufua magari ya zamani. Nilimtajia yote bila kuficha: sakafu imetoboka upande wa dereva, kutu imekula milango, kabureta haipo. Alishusha bei, nikakubali. Ilizidi bei ya kilo, lakini haikukaribia bei tuliyokuwa nayo vichwani. Fedha tuligawana mbele ya mama, kwa maandishi, na kila mmoja akatia saini. Mdogo wangu alisaidia kulisukuma hadi kwenye lori, kisha akarudi peke yake kuyaondoa yale mawe manne.

Ndugu msomaji, hususan wewe uliye katika utumishi wa umma: nyuma ya ofisi yako kuna magari mangapi juu ya mawe, na ni saini ya nani inayosubiriwa?