Pinerolo, Mji wa Farasi

Mwaka jana nilipata bahati ya kufika Torino, katika Italia ya kaskazini. Siku moja ya mapumziko padri kijana wa kwetu, aliye masomoni huko, akaniambia: "Mwalimu, leo nitakupeleka mahali usipopategemea." Mimi ni karani wa parokia tu, lakini nilisoma chuo cha ualimu, na jina hilo halijaniacha. Tukapanda treni, tukashuka Pinerolo.

Ni mji mdogo, umekaa pale tambarare inapokoma na milima ya Alpi inapoanza. Ukipanda kilimani hata kanisa la San Maurizio, waona upande mmoja mapaa ya nyumba na mashamba, na upande wa pili milima yenye theluji. Lakini sikupelekwa kutazama milima. Nilipelekwa kuona farasi.

Kwetu Dodoma tumezoea punda. Farasi hatuwajui sana, maana mbung'o na maradhi yao mengine yamewazuia wasienee katika sehemu nyingi za Afrika. Basi nisichekwe nikisema kwamba nilisimama mbali kidogo.

Tangu 1849 hata 1943 palikuwa na chuo cha askari wapanda farasi mjini hapa. Leo chuo hakipo, na kambi imegeuzwa makumbusho. Mna matandiko, hatamu na mavazi ya askari ya kila namna, na mna habari za mtu mmoja ambaye kwa ajili yake wapanda farasi wa nchi nyingi walifunga safari kuja Italia kujifunza. Jina lake Federico Caprilli, mzaliwa wa Livorno, mwaka 1868.

Kabla yake, mtu alipotaka farasi aruke ukuta au ua, alikaa kitako kizito juu ya tandiko, miguu mbele, mwili akaulaza nyuma, na hatamu akazivuta kwa nguvu. Alidhani kwamba kwa kufanya hivyo anamsaidia mnyama kuinuka, na tena anajilinda asianguke kichwa mbele. Kumbe uzito wote ulimwelemea farasi kiunoni, na lijamu, yaani kile chuma cha kinywani, ikamkata mdomo pale pale alipohitaji kunyosha shingo. Farasi wengi walijifunza kuogopa kuruka, nao wakaitwa wakaidi.

Caprilli akafanya jambo jepesi: akawatazama farasi wakiruka peke yao, bila mtu mgongoni. Akaona kwamba farasi hunyosha shingo na kichwa mbele, kisha hutua kwa miguu ya mbele. Basi akasema mpandaji ndiye abadilike, si farasi. Vikuku vya kutilia miguu vifupishwe, kitako kiinuke juu ya tandiko, mwili uelekee mbele, na mikono ikifuate kinywa cha farasi kila kiendako. Wakuu wake hawakukubali mara moja. Lakini mwaka 1902, hapo Torino, alimpanda farasi aitwaye Melopo akaruka kimo cha mita 2.08, na maneno yakapungua. Alikufa mwaka 1907, naye hajatimiza miaka 40, kwa kuanguka kutoka juu ya farasi mle mle Torino. Hakuwa akiruka kiunzi siku hiyo. Farasi alikuwa akienda polepole tu.

Mafunzo yake hayakufa naye. Mwaka 1960, katika michezo ya Olimpiki ya Roma, ndugu wawili wa Kiitalia, Raimondo na Piero d'Inzeo, walishika nafasi ya kwanza na ya pili katika kuruka viunzi, mmoja mmoja.

Alasiri tukaenda kwenye mabanda ya farasi nje ya mji, anakofundisha mama mmoja wa makamo, mkali kidogo wa sauti. Farasi mchanga, akatueleza, hapandwi mpaka atimize miaka mitatu au minne. Kwanza huongozwa kupita juu ya fito zilizolazwa chini, apate kupima hatua zake. Kisha ufito mmoja huinuliwa kidogo, na baada ya majuma mengi kingine. Nafasi kati ya kiunzi na kiunzi mama huyo aliipima kwa miguu. Hatua zake nne ni sawa na hatua moja ya farasi anayekwenda mbio za kadiri, kama mita 3 na nusu. Akikosea kupima, farasi hufika vibaya, huangusha ufito, na katika mashindano hiyo ni hasara ya alama 4.

Palikuwa na msichana wa kama miaka 12, juu ya farasi mdogo wa kahawia. Mara tatu walikikimbilia kiunzi kisichofika kiuno cha mtu, na mara tatu farasi akasimama ghafula. Msichana akawa na machozi. Nilitazamia kuona fimbo. Nakiri kwamba mimi mwenyewe, darasani katika mwaka wangu wa kwanza, ningaliishika.

Mama akaenda polepole, akazifunga hatamu fundo, akazilaza shingoni mwa farasi. "Mwanangu," akasema, na padri akanitafsiria, "wewe wamwambia nenda kwa miguu, na simama kwa mikono. Akusikilize wapi? Nyosha mikono kama ndege."

Msichana akasita. Akanyosha mikono. Farasi akaja, masikio mbele, akaruka kama anavuka mfereji.

Waliruka tena mara mbili, kisha mama akasema yatosha kwa leo. Msichana akashuka, akalegeza mkanda wa tandiko, akampa farasi kipande cha karoti, wakaenda bandani. Padri akatazama saa yake. Treni ya jioni ilikuwa karibu.